Radi na visigino vya watoto: uchambuzi wa kisa cha mbwa mchungaji asiyejua kupumzika

Mbwa ni jike wa aina ya Border Collie, miezi 16, kilo 17, amefungwa kizazi. Tumwite Radi. Anaishi na baba, mama na watoto wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 9, katika nyumba yenye ua uliozungushiwa uzio wa waya. Alichukuliwa akiwa na wiki 8 kutoka kwa wazazi ambao wote wawili huchunga kondoo. Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia mno katika nyumba zinazofuga mbwa wa namna hii, ili mwenye mbwa kama huyu auone mwendo mzima, kuanzia malalamiko hadi miezi sita baadaye, pamoja na pale mambo yalipoharibika.

Malalamiko yalikuwa manne. Watoto wakikimbia uani, Radi huwafuata kwa nyuma na kuwauma visigino. Amewahi kuchana suruali mara mbili, na mara ya tatu meno yalipenya ngozi. Baiskeli ikipita nje, hukimbia sambamba na uzio akibweka hadi ipotee, na akiwa kwenye kamba barabarani huruka na kumyumbisha anayemshika. Jioni hatulii: analeta mpira, anaubwaga miguuni pa mtu, anabweka, anaupeleka kwa mwingine. La nne lilitajwa kwa kupita tu, kama kichekesho: siku hizi anafukuza vivuli ukutani na mwanga wa tochi sakafuni. Sisi hilo la nne ndilo lililotushtua zaidi.

Familia hii haikuwa ya wavivu. Tunalisema mapema kwa sababu ushauri wa kwanza anaopewa kila mwenye mbwa wa aina hii ni "mchoshe". Walimchosha kweli. Asubuhi baba alikimbia naye kilomita 5. Jioni alirushiwa mpira kwa kifaa cha kurushia, takribani mara 80, dakika 70 hivi. Wikendi mara mbili ya hapo. Alipokuwa na miezi 6, dakika 20 za mpira zilimtosha. Alipofika miezi 10 zikawa 40. Sasa 70 hazitoshi. Kila alipozidi, walizidisha.

Kabla ya kushauri lolote, familia iliombwa kufanya kazi mbili kwa siku 7: kuandika saa ambazo Radi alilala fofofo, na kuweka simu ikirekodi uani wakati watoto wanacheza, mbwa akiwa kwenye kamba mkononi mwa mtu mzima. Daftari lilirudi na jibu ambalo hawakulitarajia. Radi alikuwa akilala saa 9 kwa siku, na mchana kutwa hazikufika saa 2. Mbwa mzima mwenye afya hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, usiku na mchana vikijumlishwa. Kwa hiyo aliyeonekana ana nguvu za kupita kiasi alikuwa pia mbwa mwenye deni kubwa la usingizi, naye, sawa na mtoto aliyepitiliza saa ya kulala, kadiri alivyochoka ndivyo alivyozidi kuhangaika.

Video nayo ilieleza mengi. Mtoto mdogo amekaa kwenye ngazi. Anasimama. Kabla hajapiga hatua, kichwa cha Radi kinashuka hadi usawa wa mabega, masikio yanalala nyuma, mkia unaning'inia chini, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa na umebaki hewani. Macho hayapepesi. Anakaa hivyo sekunde 2 kamili. Mtoto anakimbia, na Radi hamfuati moja kwa moja, bali anavuta kwenda kando kwa upinde mpana, kamba inakaza, shingo inaelekea nyuma ya kisigino. Habweki wala haonyeshi meno. Wazazi walikuwa wameita jambo hili ukali. Mchungaji yeyote wa kondoo angeliita kazi.

Kazi aliyozaliwa nayo

Mbwa anayewinda hupitia hatua zinazofuatana: kuona, kukodoa macho, kunyatia, kufukuza, kukamata, kuua. Wafugaji wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza walichagua kwa vizazi vingi mbwa ambao hatua za kati ni kali na hatua za mwisho zimefifia. Dume anayehesabiwa kuwa babu wa karibu Border Collie wote, Old Hemp, alizaliwa mwaka 1893 huko Northumberland kwa Adam Telfer. Sifa yake kubwa ilikuwa kuwaongoza kondoo kimyakimya, kwa macho na mwendo, bila kubweka. Kumbe kile kinachomtisha mama anapomwona Radi akimkodolea mwanawe ndicho hasa kilichomfanya Hemp atafutwe na kila mwenye kundi.

Kufifia si kutoweka. Mbwa wa kundi huuma kisigino pale mnyama anapokaidi au anapokimbia bila mpangilio, na mtoto wa miaka 6 hukimbia bila mpangilio kuliko kondoo yeyote. Kisha yapo mambo mawili yanayoizidisha hali. Kwanza, tendo lenyewe ni tamu kwa mbwa. Halihitaji zawadi kutoka kwa mtu ili lijirudie. Ndiyo maana kumpuuza "mpaka aache mwenyewe" hakufui dafu hapa. Pili, mtoto akifinywa kisigino hupiga kelele na kukimbia zaidi, au husimama ghafla. Kwa mbwa mchungaji matokeo yote mawili yana maana moja: nimefanikiwa kuwaendesha.

Na mpira je? Kila mrusho ni hatua tatu kati ya zile zile: kukodoa, kufukuza, kukamata. Mara 80 kila jioni. Familia ilidhani inamtoa Radi nguvu, kumbe inamfanyisha mazoezi ya kufukuza chochote kinachokwenda kasi, huku ikimjenga moyo na mapafu ya mwanariadha, halafu inamwingiza ndani akiwa amepandwa na mori na kutegemea azimike kama taa. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuzimika. Kwa maoni yetu hapa ndipo kilipo kiini cha kisa: Radi hakupungukiwa na mazoezi. Alikosa mapumziko yaliyofundishwa, na alikosa kazi yenye mwanzo na mwisho unaoeleweka.

Kwa daktari kwanza

Mbwa anayebadilika tabia apimwe maumivu kabla ya mafunzo yoyote. Daktari wa mifugo aligusa viungo kimoja kimoja na kumkuta Radi anauvuta mguu wa mbele wa kulia ukikunjwa kwenye kifundo. Ni jeraha la mpira: mbwa anakimbia kasi, anafunga breki kwa miguu ya mbele na kujipinda papo hapo, mara 80. Alikuwa hachechemei. Aina hii huficha maumivu kazi ikiwepo, na mwenye mbwa huona tu kwamba jioni hatulii na kila sauti inamshtua. Alipewa dawa ya maumivu ya mbwa kwa siku 10 na wiki 3 za kutembea kwenye kamba tu. Dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofen na paracetamol, asipewe hata robo kidonge. Zinaweza kuharibu tumbo, figo au ini la mbwa na kumuua.

Daktari aliuliza pia kama Radi amewahi kuyumba au kuzubaa baada ya kukimbia. Border Collie wana tatizo lao la kulegea na kuchanganyikiwa baada ya dakika 5 hadi 15 za kazi kali, hata siku isiyo na joto kubwa. Mbwa huburuta miguu, hutazama kama haoni, kisha hurudi hali yake ndani ya dakika 5 hadi 30. Radi hakuwa nalo. Joto, hata hivyo, ni hatari kwa kila mbwa wa aina hii, kwa sababu hasimami mwenyewe. Hukimbia mpaka aanguke. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41, ulimi ukiwa mpana na mwekundu sana, mate mazito na hatua za kulewa, amwagiwe maji mwili mzima papo hapo na apigwe upepo, ndipo apelekwe kwa daktari. Kumkimbiza kwanza na kumpoza baadaye ni kupoteza dakika zile ambazo zingemwokoa.

Jeraha la mtoto nalo lilizungumzwa. Meno ya mbwa yakipenya ngozi, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na kadi ya mbwa ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Familia ilikuwa imepaka mafuta na kufunga kitambaa. Chanjo ya Radi ilikuwa hai, na hilo ndilo jema pekee katika tukio hilo.

Siku 14 za mwanzo: kuzima, si kufundisha

Mpira uliwekwa kabatini, na kile kitochi cha mwanga mwekundu alichonunuliwa mtoto kuchezea na mbwa kikatolewa nyumbani kabisa. Mbio zilisitishwa. Matembezi yakawa mawili kwa siku, dakika 30 kila moja, kamba ya mita 3, mwendo wa mbwa: akitaka kunusa shina la mti dakika nzima, anuse. Uzio wa waya ulifunikwa kwa shuka la plastiki lisilopitisha mwanga, upande wa barabara, hadi kimo cha mita 1.5. Vigeti viwili vya kuzuia watoto vilifungwa, kimoja mlango wa jikoni, kingine mlango wa kwenda uani.

Sheria ya uani ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: watoto wanaokimbia na Radi aliyefunguliwa hawawi mahali pamoja. Watoto wakicheza, Radi yuko ndani nyuma ya kigeti na kitu cha kutafuna. Radi akiwa uani, watoto wanatembea. Watoto walifundishwa pia kuwa mti pale mbwa anapowajia mbio: simama, kunja mikono kifuani, tazama vidole vya miguu yako, nyamaza. Ni vizuri wajue. Lakini tunasisitiza kwamba hiyo ni kamba ya dharura tu. Mtoto wa miaka 6 hawezi kufanywa breki ya mbwa wa kilo 17, na mpango wowote unaotegemea utulivu wa mtoto umeshavunjika kabla haujaanza.

Chakula kilipigiwa hesabu upya. Radi alikuwa akipata gramu 420 za chakula kikavu cha mbwa wa kazi, na kwa mbio zile alizichoma zote. Mbwa wa kilo 17 aliyefungwa kizazi na mwenye shughuli za kawaida anahitaji takribani kaloria 940 kwa siku: 70 mara uzito uliopandishwa kipeo cha 0.75, jumla 586, kisha mara 1.6. Chakula chake kina kaloria 360 katika kila gramu 100. Zawadi zisizidi asilimia 10 ya jumla. Ikatoka gramu 235 za chakula kikavu na gramu 55 za kuku wa kuchemsha bila chumvi, aliyekatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Bakuli lilipata gramu 100 tu. Gramu 135 zilizobaki na kuku wote viliingia kwenye mafunzo na michezo ya kunusa.

Siku ya 3 hadi ya 5 zilikuwa mbaya. Tuliwaonya, na bado walikaribia kukata tamaa. Jambo ambalo limemlipa mbwa kwa mwaka mzima likikatwa ghafla, kwanza hulitafuta kwa nguvu zaidi. Radi alibweka mbele ya kabati dakika 25 mfululizo, akaleta viatu badala ya mpira, akakwaruza mlango. Hapa familia nyingi huteleza: zinavumilia dakika 20, kisha zinatoa mpira "mara moja tu", na mbwa anajifunza kwamba bei ya mpira ni dakika 20 za kelele. Walichofanya hawa ni kumtawanyia konzi moja ya chakula kikavu kwenye nyasi, lakini kabla hajaanza kubweka, yaani saa kumi na moja jioni wakati walijua kelele huanza saa kumi na moja na nusu. Dakika 12 za pua ardhini, kisha kitu cha kutafuna nyuma ya kigeti, mwanga hafifu. Siku ya 9 alilala mchana saa 2 na nusu kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto.

Mkeka

Sehemu hii ndiyo tuliyoitumia muda mwingi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wanaojua kufundisha mbwa. Sababu ni kwamba Border Collie hujifunza kulala chini kwa amri ndani ya dakika 5, na mwenye mbwa hudhani kazi imekwisha. Tazama vizuri. Viwiko vimekunjwa chini ya kifua, nyonga zote mbili ziko sawa tayari kuruka, mkia umebana, macho yamekodoa. Hilo si pumziko. Ni mnyatio uliolala. Mbwa wa kundi huvizia kondoo kwa mkao huo huo. Ukimzawadia hapo, unalipa kunyatia.

Kinacholipwa ni nyonga iliyoangukia upande mmoja, kidevu sakafuni, kope zinazopepesa, pumzi ndefu inayotoka puani, mkia uliolegea.

Mkeka mwepesi wa kama sentimita 80 kwa 100 ulitosha, nao ulitandikwa wakati wa mafunzo tu. Zamu ya kwanza: tandika, simama kimya, usiseme neno. Mguu wake ukigusa mkeka, sema "ndiyo" kwa sauti ya chini na uweke kipande cha chakula katikati ya miguu yake ya mbele. Kiweke kwa mkono, polepole. Usirushe, maana kipande kinachoruka kinafukuzwa, na kila kitu kinaanza upya. Vipande 10, kunja mkeka, imetosha. Dakika 3, mara 4 kwa siku.

Zamu zilizofuata, malipo yalikuja kwa kulala tu, halafu kwa nyonga kuanguka tu. Muda kati ya vipande haukupandishwa kama ngazi. Ulichanganywa: sekunde 3, 5, 2, 8, 4, 12, 3, 15. Mbwa mwenye akili kama hii akigundua kwamba kila mara inakuwa ngumu zaidi, huanza kulalamika kwa sauti nyembamba ya puani. Ukiisikia, umekwenda haraka, rudi kwenye sekunde 2. Kufikia wiki ya 4 Radi alikaa mkekani dakika 20 kwa vipande 6, mama akisoma kando yake.

Ndipo mwendo uliingizwa. Mtu mzima anainuka na kukaa. Mtu mzima anatembea hatua 5. Mtoto mkubwa anatembea upande wa pili wa kigeti. Mtoto mkubwa anakimbia taratibu uani, Radi akiwa mkekani kwenye kamba umbali wa mita 12, mama akimlisha kila mtoto anapopita. Mtoto mdogo aliingizwa mwisho, wiki ya 6, kwa sababu yeye ndiye anayeanguka, anayepiga kelele na kubadili mwelekeo bila taarifa. Kila hatua ilirudiwa hadi Radi alipomwona mtoto akikimbia na kumgeukia mama mwenyewe, bila kuitwa, mara 8 kati ya 10.

Kazi yenye mwanzo na mwisho

Kutulia pekee hakumtoshi mbwa huyu. Kazi iliyochaguliwa ilikuwa kutafuta kwa pua, kwa sababu inatumia akili nyingi, haimwamshi kufukuza, na haiumizi kifundo cha mguu. Glavu moja kuukuu ilihifadhiwa ndani ya mfuko pamoja na majani makavu ya chai usiku kucha. Kwanza ilifichwa wazi, hatua 2 kutoka kwake, kwa neno "tafuta". Akiigusa kwa pua, kuku vipande 3 papo hapo juu ya glavu. Kisha nyuma ya mguu wa kiti, ndani ya boksi moja kati ya 6, chini ya ndoo uani. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zilimtosha kulala saa nzima baada yake, jambo ambalo dakika 70 za mpira hazikuwahi kulifanya.

Mwisho wa kazi una neno lake pia, "basi", mikono mitupu ikionyeshwa, kisha vifaa vinaondolewa machoni. Watu hulidharau neno hili. Mbwa mchungaji asiyeambiwa kazi imekwisha hubaki zamu usiku na mchana.

Baba aliuliza kama si vyema tu kumpeleka kwa kondoo. Kwa mkufunzi anayejua, mbwa akiwa ameshajifunza kuitika na kusimama, ni jambo zuri na Radi angelipenda mno. Lakini haliponyi mambo ya nyumbani. Saa moja ya kondoo kwa wiki humwamsha mchungaji aliyemo ndani yake, na siku 6 zilizobaki kundi lililopo ni watoto.

Baiskeli

Kamba ndefu ya mita 10 ilifungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye kola. Mbwa akifika mwisho wa mita 10 kwa kasi na kola shingoni, anaweza kuumia koo na uti wa mgongo. Kazi ilianza mita 40 kutoka barabarani. Radi akiiona baiskeli, kabla hajashusha kichwa, "ndiyo" na kipande cha kuku. Kipimo cha umbali ni mdomo wake: akikataa kipande cha kuku, au akikipokonya kwa meno mkononi ilhali kwa kawaida hukichukua kwa midomo, mko karibu mno. Ongeza mita 10. Baiskeli 12 zilitosha kwa zamu moja. Mita 40 zikawa 25 baada ya wiki 2, 12 baada ya wiki 5, na 6 baada ya wiki 8.

Baba alikuwa ameshauriwa na rafiki anunue kola ya umeme. Tulipinga, na tunaendelea kupinga kwa mbwa kama huyu. Akipigwa na umeme macho yakiwa kwa mtoto au kwa mwendesha baiskeli, anachoweza kujifunza ni kwamba mtoto na baiskeli huleta maumivu. Kisigino kilichokuwa kikifinywa kwa kazi kitaanza kuumwa kwa hofu, na meno ya hofu hayajipimi.

Palipoharibika

Wiki ya 7 walikuja wageni na watoto watatu. Mmoja aliukuta mpira kabatini. Radi alirushiwa nusu saa, kila mtu akifurahi. Usiku ule alibweka hadi saa sita, na kesho yake alimfinya kisigino mtoto wa mgeni kwenye korido; ngozi haikupenywa. Kigeti kilikuwa wazi kwa sababu wageni walichoka kukifungua na kukifunga. Hatua za mkeka zilirudishwa nyuma hadi zile za wiki ya 4, na ilichukua siku 13 kufika tena pale walipokuwa. Tangu hapo, wageni wenye watoto wakija, Radi hukaa chumba cha ndani mlango ukiwa umefungwa kwa kitasa. Kigeti hakitoshi siku ya wageni.

Kosa la pili lilikuwa la taratibu zaidi, na lilitokana na mapenzi. Kifundo kilipopona, baba alirudisha mbio, kilomita 3 mara 3 kwa wiki kama walivyokubaliana. Baada ya mwezi zikawa 5, kisha 8, kwa kuwa "anazimudu". Daftari la usingizi ndilo lililomshtaki: saa 13 zilishuka hadi 11, na kunung'unika kwa jioni kukarudi. Alipunguza mwenyewe. Daftari hilo la senti chache lilitufaa kuliko kifaa chochote.

Vivuli vilibaki. Tulivihofia tangu mwanzo kwa sababu mbwa wa aina hii huweza kunasa kwenye mwanga na vivuli hadi akaacha kula. Mwanga wa kitochi haukamatiki, hivyo hatua ya mwisho ya uwindaji haifiki, na akili inabaki inazunguka pale pale. Hapa kucheka humtia moyo na kukemea humtia wasiwasi unaomrudisha ukutani. Kinachofanya kazi ni kufika kabla yake: mapazia yanafungwa saa jua linapopiga sakafu, glavu ya kutafuta inatolewa dakika 10 kabla. Kutoka mara 15 hivi kwa siku, ilishuka hadi mara 1 au 2 kwa wiki. Daktari alisema kwamba kama ingeendelea kumkatiza kula au kulala, angeandika dawa ya kupunguza wasiwasi, kama fluoksetini, ya kutumika pamoja na mafunzo kwa miezi kadhaa. Haikufika huko, na kama ingefika isingekuwa aibu kwa mtu yeyote.

Mwezi wa sita

Radi analala saa 13. Wiki 11 zimepita bila kisigino kuguswa. Baiskeli hupita mita 6 naye akageuka kumtazama anayemshika. Chini ya mita 6 bado hukaza mwili, kwa hiyo kwenye njia nyembamba huvushwa upande wa pili. Uzito ni kilo 16.8. Mpira umerudi kwa sura nyingine: unafichwa, haurushwi, naye anautafuta kwa pua mara 5 kisha "basi".

Watoto wakikimbia uani, bado yuko mkekani kwenye kamba au nyuma ya kigeti. Hilo halijabadilika, na familia imeambiwa wazi isilisubiri libadilike mpaka watoto wawe wakubwa wa kutosha kusimama wenyewe anaposhusha kichwa. Mtoto wa miaka 9 ameshaujua mkao huo. Huuona kabla ya baba yake, na husema "amekodoa" kwa sauti ya kawaida tu, kisha anaacha kukimbia. Mdogo bado.

Pazia la sebuleni linafungwa kila siku saa kumi na nusu. Daftari la usingizi linaendelea hadi Radi afike miaka 2.